Mpala, Kijiji Kidogo Kando ya Ziwa Tanganyika



Desturi ya vijitabu kama hiki ni kuhesabu: ubatizo wangapi, ndoa ngapi, mapadri gani walipita na matofali mangapi yalichomwa ili kanisa lisimame. Hesabu hiyo ni njema. Lakini parokia ya mji isiyokumbuka kijiji ni sawa na mtoto anayejua tarehe ya kuzaliwa kwake na hajui ukoo wake. Ndiyo sababu nimeomba nafasi niandike juu ya mahali ambapo wengi wetu hatujapatazama kwa macho: Mpala, kijiji kidogo cha Watabwa kwenye pwani ya magharibi ya ziwa Tanganyika.

Kwanza niondoe kosa moja. Husikika mara nyingi kwamba Mpala ni mama wa kanisa la Lubumbashi. Sivyo. Sisi tulizaliwa kwa njia nyingine. Mji wetu, uliokuwa ukiitwa Élisabethville, ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Reli kutoka Rhodesia ilifika mwaka huohuo, na katika mwaka huo pia Wabenedikto wa abasia ya Saint-André, karibu na Bruges katika Ubelgiji, walipewa nchi hii ya Katanga kuihubiri, mkubwa wao akiwa Jean-Félix de Hemptinne, ambaye baadaye akawa askofu hata kufa kwake mwaka 1958. Wasalesiani wa Don Bosco wakafuata mwaka 1911. Imani yetu basi iliingia kwa mlango wa kusini, pamoja na mashini na makaa ya mawe. Lakini siku ile gari la moshi la kwanza lilipopiga honi hapa, huko Mpala sala za wakristu zilikuwa zimekwisha kusikika miaka ishirini na mitano. Mpala si mama yetu. Ni dada yetu mkubwa. Na dada mkubwa huwa ameona mambo ambayo wadogo hawakuyaona, pamoja na yale yasiyopendeza kusimuliwa.

Mtu akifungua ramani na kushuka kwa kidole kutoka Kalemie kuelekea kusini, akifuata ukingo wa ziwa, atakuta Mpala kabla ya kufika Moba. Hapo mto Lufuko, ukitoka milimani, unamwaga maji yake ziwani. Wenyeji hupaita pia Lubanda. Mbele ya kijiji ni maji; nyuma yake ni milima. Maji hayo si kidimbwi: ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa zipatazo 670, upana wake wa wastani ni kilometa 50, na kina chake hufika meta 1,470, hata duniani kote ni ziwa Baikal la Urusi peke yake linalolipita kwa kina. Milima nayo ni ya Marungu, nchi ya juu yenye baridi na majani, ambayo vilele vyake hupita meta 2,000. Kati ya viwili hivyo, maji na mlima, kuna ukanda mwembamba wa ardhi tambarare, nao ndio Mpala.

Jiografia hii inaeleza mengi kuliko vitabu vya wakubwa. Mahali mto unapoingia ziwani pana udongo mzuri wa muhogo na mahindi, pana samaki, na mtumbwi hupata pa kupumzika wakati upepo wa kusini unapochafua maji. Usiku wavuvi huwasha taa ili kuwavuta ndagala, wale samaki wadogo tunaowanunua hapa Lubumbashi wakiwa wakavu, tusijue wamesafiri njia gani. Na mikebuka, samaki mkubwa mwenye mafuta, huliwa mbichi hukohuko. Lakini mahali panapofaa kwa wavuvi hufaa pia kwa mfanyabiashara mwenye bunduki. Kilicho karibu na ziwa kiko karibu na ng'ambo. Na ng'ambo ya ziwa, katika karne ya 19, kulikuwa na njia ya Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo na Unguja, njia ya pembe na ya watumwa.

Watabwa ni watu wanaohesabu ukoo upande wa mama, na lugha yao ni jamaa ya Kibemba kinachosemwa kusini ya Katanga na nchini Zambia. Hawakuwa na mfalme mmoja. Walikuwa na masultani wengi, kila mmoja na mlima wake au mto wake, wakioana, wakigombana na kupatana. Nchi ya namna hiyo ni nzuri kuishi wakati wa amani. Wakati wa vita haina wa kuitetea. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini amri ya pwani haikusikika upesi barani. Watu wa Ujiji na wasaidizi wao waliendelea kuvuka maji, na baadhi ya masultani wa Kitabwa wenyewe wakajifunza kazi ile. Mmoja wao aliitwa Lusinga lwa Ng'ombe. Mskoti Joseph Thomson, aliyepita kwake mwaka 1879, alimwandika kama mtu wa kumwaga damu. Jina lake tulishike, maana tutakutana naye tena.

Sultani aliyekaa mdomoni mwa Lufuko aliitwa Mpala. Hakuwa mkubwa kuliko wengine. Jina lake limebaki kwenye ramani za dunia kwa sababu ya neno moja tu: alimpokea mgeni.

Mgeni huyo alikuwa Émile Storms, afisa wa jeshi la Ubelgiji, mzaliwa wa Wetteren mwaka 1846. Alitumwa na ule Umoja wa Kimataifa wa Afrika ambao mfalme Leopold wa II aliuanzisha huko Brussels mwaka 1876, kwa kusema kwamba ni kwa ajili ya elimu na ya kukomesha utumwa. Storms alifika Karema, ng'ambo ya mashariki, mwaka 1882, na tarehe 4 Mei 1883 alianza kujenga kituo upande wetu, kwa sultani Mpala. Wawili hao walichanjana, yaani walifanya undugu wa damu kama desturi ya nchi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wazee. Storms alijenga boma kubwa, na watu wakampa jina la Bwana Boma. Jina hilo linasema yote: hawakumwita Bwana Shule wala Bwana Dawa.

Hapa ndugu msomaji aniwie radhi, kwa maana katika vitabu vidogo vya jubile sehemu hii hurukwa. Storms na Lusinga hawakuweza kukaa katika nchi moja. Kila mmoja alitaka masultani wadogo wamletee yeye hongo na kumwogopa yeye. Tarehe 4 Desemba 1884 watu wa Storms walipanda milimani, wakaingia kijijini kwa Lusinga, wakamwua, wakamkata kichwa, wakateka watu na kuchoma nyumba. Kichwa kililetwa chini, bomani. Storms aliporudi Ulaya mwaka uliofuata alikichukua fuvu lile pamoja na mafuvu ya masultani wengine wawili, Mpampa na Maribu, na pamoja na sanamu ya mti ya mhenga iliyokuwa katika nyumba ya Lusinga. Sanamu hiyo iko katika nyumba ya makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels, nayo imekuwa maarufu sana; wataalamu wa sanaa huichora na kuiandikia vitabu. Mafuvu yalilala sandukuni kwa muda mrefu, na tangu mwaka 1964 katika taasisi ya elimu ya viumbe huko Brussels.

Lusinga alikuwa mwuza watu, na sitaki kumfanya mtakatifu. Waliolala usingizi kwa amani baada ya kufa kwake walikuwako, na walikuwa wengi. Lakini aliyemwua hakuwa hakimu, wala hukumu haikusomwa. Mwenye nguvu alimwondoa mwenye nguvu. Na jambo hili linatugusa sisi wakristu hasa, kwa sababu ya yale yaliyofuata miezi michache tu baadaye.

Katika baraza kuu la Berlin, lililokaa toka Novemba 1884 hata Februari 1885, Leopold alipata kutambuliwa kwa Dola Huru ya Kongo. Tangu hapo macho yake yalielekea mdomo wa mto Kongo na bahari ya Atlantiki. Vituo vya Tanganyika vilikuwa mbali na vilikula fedha. Storms aliitwa arudi. Karema na Mpala, pamoja na maboma yake na watu wake, vikakabidhiwa mwaka 1885 kwa Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie. Huko Mpala waliopokea ni Padri Isaac Moinet na Padri Auguste Moncet, Wafaransa wote wawili.

Mapadri Weupe hawakuwa wageni kabisa wa ziwa. Shirika lao liliundwa huko Algiers mwaka 1868, na msafara wao wa kwanza uliondoka Marseille mwaka 1878. Walitembea kwa miguu kutoka Bagamoyo. Mkubwa wao, Padri Pascal, alikufa njiani mwezi wa Agosti. Waliobaki waliingia Ujiji Januari 1879. Mwaka 1881 huko Rumonge, katika nchi ya Burundi, mapadri Deniaud na Augier na msaidizi wao d'Hoop waliuawa. Kwa hiyo walipoletewa boma lililokwisha kujengwa, na nchi iliyokwisha kutishwa, walipokea. Nani angekataa? Lakini tuliweke neno mahali pake: misioni ya Mpala haikuanza kwenye uwanja mtupu wala chini ya mwembe. Ilianza ndani ya kuta zilizolindwa na kumbukumbu ya kichwa kilichokatwa. Watu waliofika kuomba ulinzi walijua boma lile ni la nini. Kati ya waliofika kwa imani na waliofika kwa hofu, Mungu peke yake ndiye awezaye kuchagua.

Wengi walikuwa watoto. Mapadri waliwakomboa watumwa kwa vitambaa na shanga, wakawakusanya, wakawafundisha kusoma, kulima na kusali, na walipokua wakawaozesha wao kwa wao na kuwapa mashamba. Kijiji cha kikristu kilizaliwa hivyo: watu wa makabila mbalimbali, wasio na mjomba wala shangazi karibu, wakaunganishwa na katekisimu na Kiswahili. Nani kati yetu wa Lubumbashi asiyeitambua picha hiyo? Sisi pia tu wazao wa watu waliotolewa kwao na kukusanywa kwenye makambi ya kazi, tukafanywa jamaa moja kwa lugha ileile. Tofauti ni kwamba huko Mpala Kiswahili kilivuka ziwa pamoja na misafara, na hapa kilikuja kuwa lugha ya wafanyakazi wa shaba.

Nikiwa katekista, siwezi kupita hapa bila kumtaja mtu mmoja wa ng'ambo. Lavigerie alitaka Waafrika wenyewe wawe waganga na wahubiri, akawapeleka vijana kadhaa waliokombolewa utumwani wakasome utabibu katika kisiwa cha Malta. Mmoja wao, Adrien Atiman, aliyezaliwa pande za mto Niger na kuuzwa akiwa mtoto, alifika Karema mwaka 1889, akafundisha na kuganga huko hata alipokufa mwaka 1956. Ni miaka 67 ya kazi. Hakuwa padri. Alioa, alikuwa na nyumba, alipasua majipu, alizalisha akina mama, na Jumapili alikuwa kanisani. Mapadri walibadilika mmoja baada ya mwingine, yeye alibaki. Wakati wa kusherehekea misioni za kale tunaorodhesha mapadri kwa tarehe zao, na kuwaacha makatekista katika maneno mawili, «na wasaidizi wao».

Lavigerie alikuwa na ndoto nyingine pia, ambayo mimi naiona kuwa hatari: kuunda katikati ya Afrika ufalme wa kikristu wenye askari wake. Mtu wa ndoto hiyo alikuja Mpala kutoka kijiji kingine kidogo, na hapa tuvuke bahari kidogo.

Katika Ufaransa ya magharibi, karibu na mji wa Ancenis, kando ya mto Loire, kuna kijiji kiitwacho Saint-Herblon. Ni nchi ya mizabibu, ng'ombe na mashamba yaliyozungukwa na ua za miti, na watu wake wa zamani walikuwa wakatoliki wagumu. Humo alizaliwa Léopold Joubert tarehe 22 Februari 1842. Mwaka 1860, akiwa kijana wa miaka 18, alikwenda Roma kuwa askari wa Papa Pio wa IX, katika kikosi cha Wazuavi, akajeruhiwa katika vita vya Castelfidardo mwaka huohuo. Mwaka 1870 Roma ilipotwaliwa na jeshi la Italia, Wazuavi walibaki bila kazi. Lavigerie aliwatafuta. Joubert aliondoka kwenda Afrika mwaka 1880 kuwalinda mapadri, akarudi kwao, kisha akaja mara ya pili, na mwaka 1887 akafika Mpala.

Kapiteni Joubert aliwafundisha vijana wa Kitabwa na watu waliokombolewa kutumia bunduki, akapigana mara nyingi na majeshi ya wauza watumwa, ambao nyuma yao alikuwa Rumaliza wa Ujiji. Alihamia Mrumbi, kusini ya Mpala, akapaita Saint-Louis. Kuna wakati alizingirwa, risasi zikiwa zinakwisha, na aliyemletea msaada ni kapiteni Jacques, Mbelgiji, aliyeanzisha Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, mwishoni mwa mwaka 1891.

Lakini jambo ambalo mimi nalistahi zaidi ya vita vyake ni hili. Mwaka 1888 Joubert alioa binti wa nchi, Agnes Atakaye, ndoa ya kanisa, mbele ya wote. Katika siku zile wazungu wengi walikaa na wanawake wa Kiafrika kwa siri na kuwaacha siku ya kupanda meli. Yeye hakupanda meli tena. Walizaa watoto kumi. Alizeeka kati ya watu wale, akapofuka macho, akafa tarehe 27 Mei 1927 huko Misembe, karibu na Moba, akiwa na miaka 85. Mtu akiniuliza ni mahubiri gani ya Joubert yaliyowaingia watu moyoni, nitajibu: si bunduki, ni ile ndoa.

Na sasa turudi kijijini. Heri na shida ya Mpala ni kwamba ukubwa haukukaa kwake. Mwaka 1893 Mapadri Weupe walianzisha misioni mpya juu ya tambarare ya Kirungu, penye hewa ya baridi na nafasi ya kutosha, wakaiita Baudouinville kwa heshima ya mtoto wa kifalme wa Ubelgiji aliyekuwa amefariki miaka miwili kabla. Baba Askofu Victor Roelens, aliyewekwa wakfu mwaka 1896, alifanya makao yake huko hadi alipokufa mwaka 1947. Kanisa kubwa, watawa, karakana, bustani za matunda: vyote vilijengwa huko juu. Mpala ikabaki na ukanda wake wa ardhi, samaki wake, na boma lililokuwa sasa nyumba ya mapadri.

Kisha ikaja taabu ambayo haikuwa na bunduki. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa usingizi ulienea kando ya ziwa, ukaua watu wengi, na serikali ya Wabelgiji ikawahamisha wengine kutoka pwani kwenda juu, mbali na mbung'o. Mwaka 1914 vita vya Wazungu vikafika majini: mwezi wa Agosti meli ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, iliipiga meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, karibu na mdomo wa Lukuga. Kwa watu wa pwani ziwa likawa mpaka, ng'ambo ikawa nchi ya adui, ingawa ng'ambo hiyo ilikuwa na Karema, misioni ndugu.

Lakini kabla ukubwa haujahama kabisa, Mpala ilikuwa imekwisha kuzaa tunda lake. Mwishoni mwa karne ya 19 mapadri walianzisha humo seminari ndogo. Fikirini, ndugu zangu: boma la Bwana Boma, miaka kumi na mitano tu baada ya kichwa cha Lusinga kuletwa humo, lina vijana wa Kitabwa wanaokariri vitenzi vya Kilatini! Mimi niliyepita katika seminari ndogo, na kutoka bila kufika altare, najua kukariri kule kulivyo kwa mtoto mwenye njaa ya saa tano. Kati ya vijana hao alikuwamo mmoja kutoka Marungu, aliyebatizwa Mpala mwaka 1899 kwa jina la Stefano. Jina lake la nyumbani lilikuwa Kaoze.

Stefano Kaoze alipanda kwenda seminari kubwa ya Baudouinville, na hata kabla ya kuwa padri aliandika kwa Kifaransa maelezo juu ya roho na akili ya Wabantu, yaliyochapwa katika jarida la Ubelgiji, La Revue Congolaise, kuanzia mwaka 1910. Ndiyo maandiko ya kwanza ya namna hiyo ya Mkongomani kuchapwa kwa Kifaransa. Wakati wazungu walipokuwa wakibishana kama mtu mweusi aweza kufikiri mambo yasiyoonekana, kijana wa Marungu alikuwa ameketi na kalamu akieleza jinsi watu wake wanavyofikiri juu ya wema na ubaya. Tarehe 21 Julai 1917 Baba Askofu Roelens alimpa upadri huko Baudouinville. Tarehe 21 Julai ni sikukuu ya taifa la Ubelgiji. Siku ilichaguliwa kwa Wabelgiji, lakini imebaki kwetu. Alikuwa padri wa kwanza wa Kongo ya Wabelgiji.

Hakupewa ukubwa upesi. Alikaa miaka mingi chini ya mapadri wazungu, wengine wenye elimu ndogo kuliko yake. Mwaka 1933 alianzisha parokia ya Kala, iliyokabidhiwa mapadri weusi. Baada ya vita vya pili vya dunia aliingizwa katika baraza la serikali ya koloni, Mkongomani wa kwanza kukaa humo. Alikufa mwaka 1951. Mwaka 2017 jimbo la Kalemie-Kirungu lilifanya jubile ya miaka mia ya upadri wake, na mapadri wa majimbo mengi walisali kwa ajili hiyo.

Baada ya uhuru Mpala ilipata mambo yaliyopata nchi nzima. Mwaka 1984, na tena mwaka 1985, waasi waliingia Moba, na kisasi cha jeshi kiliwaangukia raia. Vita vya mwaka 1998 viliwavusha maelfu ya watu wa pwani kwenda Tanzania, kwa njia ileile ya maji ambayo babu zao walivushwa kwa minyororo. Tofauti ni kwamba hawa walivuka kutafuta uzima, na katika miaka ya 2000 wengi walirudishwa kwa meli. Tangu mwaka 2015 Katanga yetu ya zamani imegawanywa: Mpala iko katika jimbo la serikali la Tanganyika, teritwari ya Moba, na sisi tuko Haut-Katanga. Mpaka wa serikali umetutenga, ila mpaka wa Kanisa haukututenga, maana jimbo la Kalemie-Kirungu liko katika mkoa wa kikanisa wa Lubumbashi.

Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa Marekani, Allen Roberts, alikaa kijijini miaka kadhaa, akasikiliza wazee. Aliona kwamba habari ya Bwana Boma na Lusinga haikufa: huko Ulaya iliandikwa kama ushindi wa ustaarabu, na huko Lubanda ilisimuliwa kwa namna nyingine kabisa, kila ukoo na neno lake. Mwaka 2013 alitoa kitabu juu ya jambo hilo. Mwaka 2018 mwandishi wa gazeti la Ubelgiji aliwakumbusha Wabelgiji kwamba fuvu la Lusinga liko bado katika mji wao mkuu, na watu wakaanza kuuliza kwa sauti kwa nini. Mwaka 2022, mwaka ambao jino la Patrice Lumumba lilirudishwa nchini, sanamu ya Storms iliyosimama katika bustani moja ya Brussels iliondolewa mahali pake.

Wengine watasema: mambo ya mafuvu yanatafuta nini katika jubile? Nami nawauliza: katika Katanga yetu, nani anayemlilia marehemu bila kuuliza mwili uko wapi? Sisi tunaosafirisha maiti kutoka Lubumbashi kwa gari siku tatu ili mzee alale kwao, twawezaje kuona kuwa ni jambo dogo vichwa vya masultani watatu kukaa sandukuni katika nchi ya ugeni zaidi ya miaka mia? Kanisa la Mpala liliingia katika nyumba ya Storms. Kulitaja jambo hilo hakuwapunguzii Moinet na Moncet heshima ya taabu zao, wala hakumpunguzii Kaoze. Kunawarudishia tu Watabwa nafasi yao katika habari ambayo ni yao kwanza.

Saint-Herblon, kijiji cha Joubert, tangu tarehe 1 Januari 2016 si komini tena. Kiliunganishwa na jirani yake Anetz, na komini yao mpya inaitwa Vair-sur-Loire. Mpala bado inaitwa Mpala, kwa jina la yule sultani aliyechanjana na mgeni mdomoni mwa mto Lufuko.